Ovahedi ya mashine ya kukerezea ni kitu gani hasa

Ukisema kukereza wengi wanawaza mguu wa kitanda, mti unazunguka, patasi imetulia. Kukereza kwa nakshi ni kinyume kabisa. Mti umefungwa hauendi popote, kinachozunguka ni kisu chenyewe, kidogo tu, kinazunguka kama keekee, kinachimba mfereji au kishimo, kikimaliza unausogeza mti kwa kuhesabu matundu ya sahani ya nyuma inayozunguka pamoja na mti (sahani ya matundu 96, ukienda manne manne unapata maua 24 yaliyolingana), unafunga, unachimba tena.

Sasa hicho kisu kinazungushwa na nini, maana kimekaa juu ya kitelezi kinachokwenda kushoto kulia, mbele nyuma? Jibu ndo ovahedi: nguzo na mkono juu ya mashine, puli mbili tatu, mkanda wa mviringo unashuka mpaka kwenye kisu. Mashine za Holtzapffel, watengenezaji wa mashine za kukerezea wa London, miaka ya 1800, zilikuwa nayo na fundi alikanyaga pedeli kwa mguu.

Ukitaka kujitengenezea, watu wanakimbilia mota. Mi naona roho ya ovahedi sio mota, ni ule mkono wa kukaza mkanda. Kisu kikisogea, umbali toka juu mpaka chini unabadilika, mkanda wa urefu uleule lazima ubaki umekaza, kwa hiyo puli ya juu inakaa kwenye mkono unaopanda na kushuka, huku springi au jiwe upande wa pili likiuvuta. Ukikaza sana beringi za kisu zinachemka na nakshi inatetemeka, ukilegeza mkanda unateleza katikati ya ua na ua ndo limeharibika. Anza na uzito mdogo, kisu kinakula kidogo sana, hakihitaji nguvu nyingi.

Nguzo ni bomba la chuma tu. Mota ya cherehani inafaa sana kwa sababu ya pedeli yake, unapunguza na kuongeza spidi kwa mguu mikono ikiwa kazini. Kama una mota ya mizunguko 1400 kwa dakika, puli ya sentimita 12 ikivuta ya sentimita 3 unapata 5600. Mkanda wa plastiki unaungwa kwa kuyeyusha ncha mbili kwenye kisu cha kawaida kilichopashwa moto, unazibana mpaka zipoe. Na mota kubwa ya mashine ichomoe kabisa kwenye umeme, mti ukizunguka wakati umeufunga utavunja vitu.

Mti wa kuchonga? Wakerezaji wa nakshi wa Ulaya wanaupenda mno mpingo wetu, huu wa Lindi na Kilwa, kwa sababu ni mzito, nyuzi zake zimebanana, kisu kikipita ukingo unabaki mkali bila kumeguka na unang'aa papo hapo hata msasa hauugusi.