Vurugu katika Tamthilia za Shakespeare: Dhana Zinazowapotosha Wanafunzi

Mwanafunzi anapoulizwa kuhusu vurugu katika *Juliasi Kaizari*, tamthilia ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere aliitafsiri na tafsiri yake ikachapwa mara ya kwanza mwaka 1963, mara nyingi huorodhesha matukio: radi, mauaji, ghasia, vita. Orodha hiyo si kosa, lakini haielezi vurugu hizo zilitengenezwaje, na hapo ndipo dhana kadhaa potofu hujipenyeza.

Dhana: Vurugu huletwa na nguvu zisizo za kawaida.

Ni kweli kwamba usiku wa kuamkia mauaji ya Kaizari, mtawala wa Roma, dhoruba inavuma na watu wanasimulia maajabu. Hata hivyo, wakati Casca, mmoja wa watakaomuua Kaizari, anatetemeka kwa hofu, Cassius, mpangaji wa njama hiyo, anaendelea na kazi yake: anaagiza barua za kughushi ziwekwe mahali ambapo Brutus, rafiki wa Kaizari wanayetaka ajiunge nao, ataziona. Vivyo hivyo katika *Macbeth*, wachawi wanamtabiria Macbeth ufalme bila kumwagiza mtu yeyote amuue mfalme Duncan, na Banquo, askari mwenzake anayesikia utabiri wakati ule ule, hamwagi damu.

Dhana: Umati wa Roma ni kigeugeu tu, basi.

Jibu hili hupendwa sana katika mitihani, nami naliona kuwa la kivivu, kwa sababu linamwondolea lawama anayeuchochea umati huo. Kwenye mazishi ya Kaizari, rafiki yake Antony anawaonyesha watu wosia wa marehemu, anakataa kuusoma, anawaacha wamsihi, kisha anashuka na kuwataka wauzunguke mwili; anafunua majeraha moja baada ya jingine, na mwishowe anatangaza kwamba kila raia ameachiwa drakma 75. Mwalimu akiwataka wanafunzi waeleze umati unadai nini baada ya kila hatua, wataona kwamba ghasia zile zimepangwa kwa utaratibu mkubwa kuliko hotuba ya Brutus, ambaye tayari alikuwa ameshangiliwa na watu waliotaka awe Kaizari mpya, yaani kitu kile kile alichoua ili kukizuia.

Kisha linafuata onyesho fupi ambalo walimu wengine huliruka. Umati unamkamata mshairi Cinna, mwenye jina moja na mmoja wa waliokula njama. Anajieleza kwamba yeye ni mshairi. Wanasikia, wanaelewa, na bado wanamshambulia, safari hii kwa kisingizio cha mashairi yake mabaya. Fujo iliyoanzishwa kwa hesabu imeacha kuhitaji sababu.

Dhana: Mwishoni utulivu hurejea.

Brutus ameshindwa vitani na amekufa, amesifiwa, na Octavius, mshirika wa Antony, ameahidi kumzika kwa heshima. Msomaji wa haraka hufunga kitabu akiwa ameridhika. Lakini mwanzoni mwa tendo la nne washindi hao hao, Antony na Octavius pamoja na mwenzao Lepidus, wanaonekana wakiyatia alama majina ya watu watakaouawa, wakiwemo ndugu zao wenyewe, na Antony anamtuma Lepidus akaulete wosia ili watafute namna ya kupunguza malipo, yale yale aliyoyatumia kuwachochea raia. Historia nayo haikuwapa utulivu: mwaka 31 KK Octavius na Antony walipigana wao kwa wao huko Actium. Katika *Macbeth* pia, Malcolm, mwana wa Duncan, anatwaa taji ilhali utabiri kwamba wazao wa Banquo watatawala bado haujatimia, na jukwaani hakuna anayeeleza utatimia kwa njia gani.