Kuchomoa betri hakulegezi hendibreki ya umeme

Wiki hii nimesikia mara tatu kwamba ukichomoa betri, hendibreki ya umeme, ile ya swichi badala ya mkono, inaachia. Ya mwisho ilikuwa Jumatano, kwa dereva wa gari la ofisi aliyetoka Mtumba, hapa Dodoma, na pedi mpya za nyuma ndani ya mfuko. "Fundi, hapa hamna kazi. Chomoa terminali ya betri hendibreki iachie, sukuma pistoni kwa klampu, pachika pedi, niwahi kumchukua bosi." Nikamwambia kaka, chukua bodaboda, gari hili linabaki.

Tuangalie kilichomo ndani ya ile kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, yenye mota mgongoni, kama ya Volkswagen Passat zilizoanza kutoka 2005, au Mazda CX-5 ya kizazi cha pili. Mota inazungusha gia, gia zinazungusha skrubu, na skrubu inasogeza nati iliyo ndani ya pistoni. Nati ndiyo inayoisukuma pistoni ikandamize pedi, kwa nguvu inayozidi uzito wa tani moja. Skrubu hiyo huzungushwa ikarudi, haisukumwi ikarudi. Ni jambo lile lile la jeki ya skrubu: ukishanyanyua gari na ukaondoa mkono, uzito wa gari hauishushi jeki. Skrubu haihitaji umeme kulishikilia gari. Ndiyo maana gari lililoegeshwa mteremkoni kule Kilimani halisogei hata betri ikifa usiku kucha.

Sasa mtu akichomoa betri, nati inakwenda wapi? Haiendi popote. Inabaki pale pale ilipoachwa, na umeinyima mota uwezo wa kuirudisha.

Hata ukiwa umeachia hendibreki kwa swichi kabla ya kuchomoa betri, nati hurudi kidogo tu, kiasi cha kuruhusu gurudumu lizunguke. Kadiri pedi zilivyokuwa zikiisha, nati nayo ilikuwa ikisogea mbele kuifuata pistoni. Kwa hiyo ukifunga klampu, pistoni inarudi milimita chache, inagota kwenye nati. Fundi anahisi ugumu, anadhani ni kutu, anaingiza bomba kwenye mkono wa klampu apate nguvu zaidi. Hapo kinachoachia ni uzi wa skrubu, au gia ambazo mara nyingi ni za plastiki.

Mwaka jana mama mmoja wa Kisasa aliniletea Passat iliyofanyiwa hivyo hivyo mahali pengine. Akibonyeza swichi, upande wa kushoto mota inalia bila kubana chochote, taa ya njano inawaka na haizimi. Aliingia gereji kununua pedi, akaishia kununua kalipa nzima. Iliniuma, kwa sababu kazi yenyewe ingechukua dakika chache kama ingefanywa kwa utaratibu wake.

Utaratibu ni huu. Unaunganisha mashine ya kompyuta ya kupimia gari, unaiamuru irudishe hendibreki kwenye hali ya matengenezo, unasikia mota zote mbili zikirudi mpaka mwisho. Ndipo pistoni inasukumwa, moja kwa moja bila kuzungushwa. Kuzungusha ni kwa kalipa za zamani za kebo. Wakati wote huo betri inatakiwa iwe na nguvu. Mimi naunganisha chaja kabla sijagusa chochote, na nasisitiza hilo kwa kila kijana ninayemfundisha, kwa sababu umeme ukishuka katikati ya kazi upande mmoja unaweza kusimama njiani. Yaani betri ambayo watu wanakimbilia kuichomoa ndiyo inayotakiwa kulishwa!

Ukishafunga pedi mpya, kanyaga pedali ya breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha ndipo uiambie mashine irudishe mota kazini. Wengine wanatanguliza mota wakati pistoni bado iko mbali na pedi, nati inatembea kupita kiasi.

Mashine hamna? Baadhi ya magari, Mazda zikiwemo, yana mpangilio wa kukanyaga pedali na kuvuta swichi unaoyaingiza kwenye hali hiyo. Kwenye mengine mota inafunguliwa bolti zake mbili na skrubu inarudishwa kwa mkono. Ila funguo ziwe mbali, mfukoni mwa mtu asiyekaribia gari. Kuna magari ambayo hendibreki hujifunga yenyewe, na kidole kilichopo kati ya pedi na diski hakitapona.

Kuna maneno mengine ya breki ninayoyasikia. "Hendibreki za umeme zote ni sawa." Si kweli. BMW X5 ya toleo la E70 na Land Rover Discovery 3 zina mota inayovuta kebo, na kebo inabana viatu vya breki vilivyo ndani ya dramu katikati ya diski. Kule pedi hazihusiani na hendibreki, pistoni inasukumwa kawaida. Kinachohitaji kuangaliwa ni marekebisho ya viatu, hasa kwa Discovery inayoshinda kwenye vumbi na matope ya vijijini: ikianza kupiga kelele kali unapofunga, usiendelee kubonyeza.

"Pedi za nyuma haziishi." Hayo ni ya enzi za dramu. Magari ya siku hizi hutumia breki za nyuma kulituliza gari kwenye kona na kugawa nguvu ya kusimama, na pedi za nyuma ni nyembamba. Zikifika milimita 3, badilisha, za pande zote mbili.

"Swichi ile ni ya kuegesha tu." Kwa magari mengi, ukiishikilia gari likiwa mwendoni, pampu ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukifunga breki, inabana breki za magurudumu yote manne. Anayeshuka Nyang'oro kuelekea Mtera anapaswa kulijua hilo kabla pedali haijamsaliti. Soma kitabu cha gari lako.

"Dodoma ni kukavu, mafuta ya breki hayabadilishwi." Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, yakishanyonya unyevu, kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Unyevu huo unaingia taratibu kupitia mipira, hata huku kwetu. Kila miaka miwili, yamwagwe. Na ukiwa umeshafungua, chomoa zile pini za kuteleza za kalipa, zifute vumbi, zipake grisi ya silikoni. Petroli usiisogeze, inavimbisha mipira, na pini ikikwama pedi moja inaisha wakati mwenzake bado mpya.