Akaunti za boti kwenye terminali: kuzisajili, kuzikagua, kuziondoa

Boti ninazozihudumia hapa Mwanza, yaani programu zinazojibu ujumbe zenyewe, zinajibu watu wa kila aina: wachuuzi wanaoulizia bei ya dagaa soko la Mwaloni Kirumba, wagonjwa wanaotaka kujua kama dawa fulani ipo kabla ya kupanda daladala, wanafunzi wanaotafuta chumba cha hosteli. Zote zinakaa kwenye seva moja isiyo na skrini, na kila akaunti ya Telegram, WhatsApp au Signal naisimamia kwa kuandika amri. Vijana wanaoingia kazi hii huniuliza jinsi ya kuandika boti. Hilo watalijua haraka. Kinachowatesa baadaye ni akaunti: mwenyewe nani, siri yake iko wapi, bado iko hai, na siku ya kuachana nayo inazimwaje.

Nianze na umiliki, maana hapo ndipo wenye biashara huumia. Mama mmoja wa dagaa alinijia boti yake ikiwa imenyamaza. "Mama, hii laini imesajiliwa kwa jina la nani?" "La yule kijana aliyenitengenezea, mwanangu. Siku hizi yuko Dar." Laini zetu husajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo mwenye vidole ndiye mwenye namba, na mwenye namba ndiye anayepokea msimbo wa kuthibitisha akaunti. Sasa sianzi kazi kabla mteja hajasajili laini yake mwenyewe na kuifungua Telegram kwa namba hiyo. Anayezungumza na BotFather, boti rasmi ya Telegram ya kusajili boti nyingine, ni yeye, kwenye simu yake. Mimi napewa tokeni tu, yaani ufunguo wa siri wa boti. Kama boti tayari iko mikononi mwa mtu mwingine, BotFather anaruhusu kuhamisha umiliki, mradi mhamishaji awe amewasha uthibitisho wa hatua mbili. Ila lazima huyo mtu apatikane na akubali.

Tokeni ya Telegram ni namba ya boti, nukta pacha, kisha mfuatano mrefu wa herufi. Aliye nayo anaweza kutuma na kusoma kwa jina la boti, wala haulizwi kitu kingine. Ndiyo maana siiandiki ndani ya amri yenyewe: itabaki kwenye historia ya terminali (dirisha la kuandikia amri), na amri ikiwa inaendelea, mtumiaji mwingine wa seva anaweza kuiona kwa `ps`, amri inayoorodhesha kazi zinazoendelea. Nafanya hivi:

`read -rs TOKENI`
`printf 'url = "https://api.telegram.org/bot%s/getMe"\n' "$TOKENI" | curl -s -K -`

Mstari wa kwanza unapokea tokeni bila kuionyesha. Wa pili unamkabidhi curl, programu ya kutuma maombi mtandaoni, anwani nzima kimyakimya, na `getMe` inauliza Telegram boti hii ni ipi. Ukijibiwa `"ok":true` pamoja na jina la boti, tokeni ni nzima. Ukipata 401, imekufa au umeikosea. Baada ya hapo kila akaunti inapata faili lake la tokeni, `chmod 600` ili mwenye faili pekee alisome, kwa jina linaloeleweka hata saa nane usiku: `mwaloni-bei`, `igoma-dawa`. Majina kama `boti1` na `boti2` yatakufanya siku moja uzime akaunti ya mtu asiyehusika.

Tokeni moja isiendeshwe sehemu mbili. Ukiijaribu kwenye kompyuta yako kwa `getUpdates` (amri ya kuchukua ujumbe mpya) wakati seva nayo inaitumia, Telegram itajibu 409, yaani mgongano, na ujumbe wa wateja utaangukia upande mmoja au mwingine. Fungua boti ya majaribio, ni bure.

Sasa kwenye ukaguzi, na hapa ziwa letu lina tabia yake. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi mingi hupumzika, mzigo unapungua mwaloni, na maswali ya bei yanapungua nayo. Boti ikikaa kimya siku kadhaa, mwenye biashara anasema ni mwezi. Anaweza kuwa sahihi. Inaweza pia kuwa akaunti imekufa na watu wa Ukerewe na Kome wanaandika bila kujibiwa. Kimya hakikuambii lolote, kwa hiyo cron yangu, programu ya kuendesha amri kwa ratiba, inaita `getMe` kwa kila akaunti saa 11 alfajiri. Kwa boti zinazosukumiwa ujumbe moja kwa moja kwenye seva naongeza `getWebhookInfo`, nikisoma vitu viwili: `pending_update_count`, yaani ujumbe uliokwama, na `last_error_message`. Usilale na hitilafu hapo: Telegram haiutunzi ujumbe usiochukuliwa zaidi ya saa 24.

WhatsApp ya biashara ina mambo yake. Tokeni unayopewa mwanzoni ni ya muda mfupi, haimalizi hata siku mbili. Ya kudumu hutolewa kwa mtumiaji wa mfumo, yaani akaunti ya programu badala ya ya mtu. Amri zinatumia kitambulisho cha namba, ambacho si namba ya simu yenyewe. Zikipita saa 24 tangu mtu aiandikie boti, inaruhusiwa kumtumia violezo tu, yaani ujumbe ulioandaliwa na kuidhinishwa mapema.

Kuondoa akaunti ndiko kunakochanganya zaidi. Kufuta faili kwenye seva hakuzimi kitu. Nakala yoyote ya tokeni iliyobaki kwenye barua pepe au simu ya mtu bado inafanya kazi. signal-cli, programu huru ya kuendesha Signal kwa amri, imezitenganisha kazi hizi vizuri: `unregister` inaiambia seva ya Signal kwamba kifaa hiki hakipokei tena, na `deleteLocalAccountData` inafuta funguo zilizoko kwenye mashine yako. Ukianza na ya pili, umejinyima funguo za kutekeleza ya kwanza. Kama seva iliunganishwa tu na simu ya mteja, kifaa kiondolewe kwenye simu hiyo.

Kwa Telegram, mteja anayebaki na boti lakini anaachana na mimi anatuma `/revoke` kwa BotFather na kupata tokeni mpya ambayo sitaiona. Anayeifunga kabisa anatuma `/deletebot`. Namba za wateja wake namkabidhi, kisha nafuta nakala zangu, maana ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Faili la tokeni nalifuta mwisho kabisa, baada ya kuita `getMe` kwa tokeni ya zamani na kujibiwa 401.