Lebo ya kilimo hai inathibitisha nini hasa?

Malalamiko tunayopokea kuhusu vyakula vya kilimo hai (ogani) yanafanana: mnunuzi amepeleka mboga maabara, mabaki ya kiuatilifu yameonekana, na anataka mzalishaji afungiwe leo hii. Tunaelewa hasira hiyo, lakini majibu ya maabara peke yake hayathibitishi udanganyifu.

Lebo inathibitisha namna chakula kilivyozalishwa. Haisemi kwamba shambani hapakupigwa dawa yoyote. Dawa za asili kama pareto, na za shaba dhidi ya ukungu, huruhusiwa kwa masharti. Mbolea za nitrojeni za viwandani, mbegu zilizobadilishwa vinasaba na uhifadhi wa chakula kwa mionzi ndivyo vilivyokatazwa. Tena dawa hupeperuka kutoka shamba la jirani. Kwa kanuni za Marekani, mabaki ya kiuatilifu kilichokatazwa yakizidi asilimia 5 ya kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika chakula cha kawaida, bidhaa haiuzwi tena kama ya kilimo hai. Yakiwa chini ya hapo, hutafutwa chanzo.

Lebo haiahidi vitamini zaidi wala haitibu ugonjwa. Na neno "asilia" kwenye kifungashio halimaanishi kilimo hai; hili tumelisema hadi tumechoka.

Kwa vyakula vilivyosindikwa, angalia asilimia. Umoja wa Ulaya na Marekani wote hudai angalau asilimia 95 ya viambato vya kilimo viwe vya kilimo hai ndipo nembo rasmi iwekwe. Marekani ina daraja la chini yake, la asilimia 70: kifungashio kinaweza kutaja viambato hivyo, ila hakipewi nembo.

Kabla ya nembo kuna safari. Ulaya, shamba la mazao ya msimu hupitia kipindi cha mpito, yaani hulimwa kwa kanuni za kilimo hai bila kupewa nembo bado, kwa angalau miaka 2 kabla ya kupanda. Mazao ya kudumu, kama miti ya matunda, miaka 3 kabla ya mavuno ya kwanza. Marekani huhesabu miezi 36 tangu dawa iliyokatazwa itumike mara ya mwisho. Baada ya cheti, ukaguzi hufanyika kila mwaka, na mwingine huja bila taarifa. Mkaguzi hulinganisha mavuno na mauzo: shamba lililovuna tani 10 haliwezi kuuza tani 14, labda liwe na muujiza, na muujiza hauna stakabadhi. Kasoro ikigundulika hutolewa notisi na muda wa kurekebisha. Ikiendelea, cheti husimamishwa. Ikiwa ni ya makusudi, cheti hufutwa. Aliyefutiwa cheti Marekani haombi kingine kwa miaka 5.

Kwa hiyo usiishie kwenye jani la kijani lililochorwa mbele. Majani huchorwa na yeyote. Soma jina la chombo kilichothibitisha. Kwenye bidhaa za Marekani huandikwa chini ya jina la msindikaji au msambazaji. Za Ulaya huwa na msimbo wa mkaguzi, unaoanza na herufi mbili za nchi. Wenye vyeti huorodheshwa kwenye kanzidata zilizo wazi kwa umma.

Ukilalamika, leta kifungashio chenye namba ya toleo, risiti na jina la chombo hicho. Picha ya nyanya iliyokatwa haitusaidii kufungua jalada.