Kwa nini majivu ya makaa ya mawe ni bidhaa jimbo moja na taka jimbo la pili?

Makaa ya mawe yakichomwa kuzalisha umeme, kinachoteketea ni kaboni. Madini yaliyokuwamo hubaki kwenye majivu, tena yakiwa yamekolea kuliko mwanzo: silika, alumini, chuma na chokaa, pamoja na viwango vidogo vya arseniki, boroni, seleniamu na molibdeni. Marekani huzalisha majivu haya na masalia mengine ya uchomaji kwa makumi ya mamilioni ya tani kila mwaka, na miaka ya karibuni zaidi ya nusu yake yametumika tena. Huingia kwenye zege, kwenye bodi za jipsamu za kuta na dari, kwenye kifusi cha kuinulia barabara na kwenye mashimo ya migodi iliyoachwa.

Nani basi anaamua kwamba tani hii ni malighafi na ile ni uchafu? Kwa kiasi kikubwa ni serikali ya kila jimbo, na majimbo hayaamui sawa. Ili kuelewa kwa nini, inabidi kwanza kuona majivu haya yanafaa nini na yanadhuru lini.

Yale laini kabisa, yanayopanda na moshi na kunaswa kabla hayajatoka kwenye bomba, ukiyatazama kwa hadubini ni vijipira vidogo vya kioo. Madini huyeyuka motoni, yakapoa yakiwa bado yanaelea, yakaganda mviringo. Umbo hilo hulifanya zege litiririke vizuri kwenye fomu, yaani kalibu ya kumwagia zege, bila kuongezewa maji. Halafu kuna kazi kubwa zaidi: saruji inapokutana na maji huacha chokaa ambayo haisaidii kitu, na majivu huikamata chokaa hiyo na kuigeuza kuwa gundi nyingine, polepole, kwa wiki na miezi. Ndiyo maana bwawa la Hungry Horse huko Montana, lililokamilika mwaka 1953, lilijengwa kwa zege lenye majivu haya. Anayejenga Kenya kwa saruji ya mfuko ulioandikwa CEM IV anaifahamu kazi hiyo, ila kwetu hufanywa zaidi na majivu ya volkano.

Yakishafungwa ndani ya zege, metali zilizomo hazina pa kwenda. Taabu huanza yanapotandazwa ardhini yakiwa huru. Mvua hupenya katikati yake na kutoka chini imebeba boroni na arseniki, kama maji ya moto yanavyotoka kwenye majani ya chai.

Wakazi wa Town of Pines, mji mdogo wa Indiana karibu na Ziwa Michigan, waliyapata hayo majumbani mwao. Kwa miaka mingi majivu ya mtambo wa jirani yalitupwa kwenye dampo la mjini na pia kutumika kujazia barabara na viwanja vya nyumba. Ilionekana ni msaada: kifusi cha bei nafuu, mtambo unapunguza mzigo, mji unapata barabara. Mwaka 2000 hivi vipimo vikaonyesha boroni na molibdeni kwenye visima vya kunywa. Nyumba nyingi zikalazimika kuunganishwa na bomba la maji kutoka mji wa pili, na miaka baadaye udongo wa baadhi ya viwanja ukachimbwa na kuondolewa kwa sababu ya arseniki. Hakuna aliyevunja ukuta wala kumwaga sumu usiku. Majivu yalikuwa yakitumiwa tu.

Mji mzima kubadilishiwa maji ya kunywa si jambo dogo, na mtu angetarajia sheria ya taifa iwe imeshaliziba pengo hilo. Haikuwa hivyo. Mwaka 1980 Bunge la Marekani liliyaweka kando masalia ya uchomaji wa makaa yasihesabiwe kuwa taka hatari hadi yafanyiwe utafiti, na hali hiyo ikadumu kwa miongo. Usiku wa tarehe 22 Desemba 2008 ukuta wa bwawa la kuhifadhia majivu yaliyochanganywa na maji la mtambo wa Kingston, Tennessee, ulibomoka, na zaidi ya mita za ujazo milioni 4 za tope zikamwagika juu ya mto na makazi. Hapo ndipo Shirika la Kulinda Mazingira, EPA, lilipoanza kuandika kanuni. Ubishi ulikuwa mkali. Wenye biashara ya kuuza majivu walisema yakiitwa taka hatari hakuna atakayetaka kuyaona kwenye zege lake. Kanuni ya mwaka 2015 ikayaweka upande wa taka za kawaida, na kinachotumika tena kikaachwa nje ya masharti ya utupaji.

Si kila matumizi yaliachwa, lakini. Ili yahesabiwe kuwa yenye manufaa, majivu lazima yafanye kazi halisi, yachukue nafasi ya malighafi ambayo ingechimbwa, na yatimize viwango vya ubora. Sharti la nne ndilo linalogusa maji: anayetaka kutandaza tani 12,400 au zaidi zikiwa huru athibitishe kwamba hazitachafua kuliko kifusi cha kawaida, au kwamba uchafu hautavuka viwango vya afya. Sharti hilo halikuhusisha barabara, wala mzigo ulio chini ya kiwango hicho. Tani 12,400 ni takriban safari 620 za lori la tani 20. Huo bado ni mlima wa majivu, na kilichoumiza Town of Pines, mbali na dampo, kilikuwa barabara na viwanja. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kanuni ilipokuwa dhaifu kuliko kote.

Pengo hilo huzibwa na majimbo, kila moja kwa njia yake. Wisconsin hupima kwanza: kanuni yake iitwayo NR 538 hugawa masalia ya viwandani kwa makundi kulingana na kinachochujika kwenda majini, na kadiri kundi lilivyo safi ndivyo ruhusa inavyopanuka. Illinois hutaja matumizi yanayokubalika, na kwa baadhi yake hutaka metali zinazochujika kwenye majivu zisizidi viwango vya maji ya ardhini yafaayo kunywa. Pennsylvania, yenye migodi mingi iliyoachwa ikivuja maji ya asidi, huruhusu majivu yenye alkali, inayopunguza makali ya asidi hiyo, kurudishwa humo, kwa sharti la kupima kemia yake na kufuatilia maji jirani. Nauona uamuzi huo una mantiki kwa ardhi ya Pennsylvania, ila singependa kuuona ukinakiliwa mahali ambapo kijiji kinakunywa maji ya kisima.

North Carolina ilikuwa mlegevu kwa miaka mingi kuhusu majivu ya kujazia ardhi. Februari 2014 bomba chini ya bwawa la majivu lilipasuka huko Eden na tani zipatazo 39,000 zikaingia Mto Dan. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria: ujazaji wa kuanzia tani 80,000, au tani 8,000 kwa eka, uwe na kibali, utando wa kuzuia maji chini yake na visima vya kupimia. Mwaka 2016 jimbo likaongeza agizo kwamba kampuni ya umeme ijenge viwanda vitatu vya kufukua majivu ya zamani na kuyaandaa kwa ajili ya saruji na zege. Kuyaandaa ni kuyachoma tena, kwa sababu kaboni iliyosalia hunyonya kemikali inayoliwekea zege viputo vya hewa, na zege lisilo na viputo hivyo hupasuka msimu wa baridi kali.

Kufukua kuna soko, maana mitambo ya makaa inafungwa na majivu mapya yanaadimika. Virginia nayo iliamua mwaka 2019 kwamba mabwawa ya mitambo yake minne yafukuliwe ndani ya miaka 15, angalau yadi za ujazo milioni 6.8 zitumike tena, na yanayobaki yaende kwenye dampo lenye utando chini.