Nyaraka si picha yoyote ya zamani

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp la mtaa, mzee mmoja jirani alirusha picha ya barabara yenye miti pande zote mbili. Chini akaandika: “Nyaraka adimu. Kariakoo mwaka 1905.” Kabla sijaikuza vizuri, madole gumba yalishamiminika. Nimekaa kimya mara nyingi, hii imenishinda.

Kwa kifupi, nyaraka ni kumbukumbu ambazo ofisi, taasisi au mtu alizitengeneza akiwa kwenye shughuli zake. Shughuli ikaisha, zikachambuliwa, na zenye thamani zikatunzwa zisipotee. Zikiskaniwa na kuwekwa mtandaoni pamoja na maelezo yake, huo ni mkusanyo wa kidijitali. Kero yangu iko kwenye hayo “maelezo yake”, lakini kwanza neno lenyewe, maana lina utamu wake.

Waraka tumeutoa kwenye Kiarabu, waraq, yaani majani, na pia karatasi. Huko kwao ile w ni sehemu ya mzizi. Sisi tuliposikia tukaichukulia kama ile ya wimbo na wayo, tukaunda wingi kwa mtindo wetu: nyimbo, nyayo, nyaraka. Wakati nao, mgeni mwingine kutoka Kiarabu, ukapata nyakati kwa njia hiyohiyo. Kanisani waraka ni barua, kama ule wa Paulo kwa Warumi. Serikalini ni maelekezo yanayosambazwa ofisi kwa ofisi. Benki wakikwambia “lete nyaraka zako”, unatoa kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, na hakuna aliyekosea.

Ila ipo maana ya kitaalamu, na nchi yetu imeibandika hadi kwenye jina: Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Maneno mawili, na si kwa kupamba kibao. Kumbukumbu ni jalada ambalo bado linatembea kwenye meza za maofisa. Nyaraka ni lile lililostaafu, likachaguliwa libaki. (Wapo wanaosema makavazi kwa mahali zinapotunzwa. Neno zuri, kwetu halijashika.)

Sasa kero. Waraka wa aina hii hausimami peke yake. Majalada ya enzi ya Wajerumani kwenye Nyaraka za Taifa, hapo Upanga, yana namba zinazoanza na G, ili ujue yametoka kwenye utawala upi. Ukichomoa karatasi moja ukaichomeka kwingine, umeiharibu hata kama haijachanika. Mtunza nyaraka hakimbilii kuuliza “inaonyesha nini?” Anauliza ilitoka kwa nani, na ilikaa jirani na nini.

Mtandaoni ni vivyo hivyo. Mkusanyo wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za kati ya 1860 na 1960. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt nayo imeweka picha za chama cha wakoloni wa Kijerumani. Mji wetu umo humo, ila umejificha ndani ya maneno ya waliopiga picha. Kwa Wajerumani andika “Daressalam”, neno moja. Usitafute Barabara ya Samora: wao waliiita Unter den Akazien, Waingereza wakaja na Acacia Avenue, baada ya uhuru ikawa Independence Avenue. Picha ikishapakuliwa, ikakatwa kingo na kurushwa kwenye grupu, majina hayo yote hudondoka njiani. Kinachotufikia ni miti na barabara.

Na Kariakoo? Jina limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na Waingereza waliuteka mji huu Septemba 1916. Mtu wa 1905 asingeweza kulitamka.

Niliikuza ile picha tena. Chini kushoto kuna mstari wa mwandiko uliokatwa katikati, vimebaki vichwa vya herufi tu. Ya kwanza kwenye neno la mwisho inafanana na A kubwa. Siapi, lakini nilikumbuka ile Unter den Akazien, maana Akazien ni migunga kwa Kijerumani.

Nikamwandikia mzee pembeni, si mbele za watu: “Shikamoo mzee. Picha ni nzuri sana. Umeipata wapi? Kuna nakala ambayo maandishi ya chini hayajakatwa?” Akajibu kwamba katumiwa na mwanawe, naye katumiwa. Nikamwomba, kama haitamsumbua, abadilishe aandike “picha ya zamani ya mjini, chanzo bado tunatafuta.”

“Marahaba,” akajibu. “Nitabadilisha. Ila hiyo Kariakoo ndiyo waliyoipenda.”