Lupus inapofika kwenye figo

Wagonjwa wa lupus hutuuliza sana: "Daktari, mimi naumwa viungo. Kwa nini kila nikija kliniki mnataka mkojo?"

Ni kwa sababu figo ikishambuliwa haiumi. Katika lupus, kinga ya mwili humgeukia mwenyewe. Kingamwili zinazopaswa kupambana na vijidudu hushikamana na chembe zinazotoka kwenye seli za mgonjwa, kisha hunasa kwenye vichujio vya figo, vidogo mno, takriban milioni moja katika kila figo. Kichujio kikivimba huvuja, na protini hutoka na mkojo, pengine pamoja na damu isiyoonekana kwa macho. Kipimo cha kijiti kinachochovywa kwenye mkojo hugundua hayo mapema, kabla uso haujaanza kuvimba asubuhi na miguu jioni.

Wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake, wengi wakiwa katika umri wa kuzaa, na kwa watu weusi figo hushambuliwa mara nyingi zaidi. Wengi huchelewa kugundulika. Ule wekundu wa mashavuni wa lupus unaoonekana kwenye picha za vitabu, kwenye ngozi nyeusi huweza kuwa madoa meusi tu. Mtu anaambiwa ana baridi yabisi, anameza daiklofenaki, vidonge vya maumivu, za duka la dawa miezi na miezi, nazo zinaumiza figo zilezile.

Protini ikifika nusu gramu kwa siku au zaidi, kwa kawaida tunashauri kipande kidogo cha figo kichukuliwe kwa sindano, chini ya ganzi. Hapo wengi husita. Hatari ya kutokwa damu ipo, ndiyo maana mgonjwa hulala akiangaliwa kwa saa kadhaa, lakini bila kipimo hicho tunakisia tu ukali wa ugonjwa, na dawa zenyewe si za kukisia.

Dawa ya msingi ni haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini ambayo Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. (Wanaokumbuka kuwashwa kwake hukunja uso.) Hapa kazi yake ni kutuliza kinga, na inapotumika muda mrefu macho hupimwa. Prednisoloni, nayo ya kutuliza kinga, huongezwa ugonjwa ukipamba moto. Huvimbisha mashavu, lakini kuiacha ghafla ni hatari kuliko mashavu hayo. Mikofenoleti, dawa nyingine ya kutuliza kinga, hudhuru mimba, kwa hiyo anayeitumia anahitaji uzazi wa mpango. Kuzaa kunawezekana: tunasubiri ugonjwa utulie angalau miezi 6, kisha tunabadilisha dawa kabla hajashika mimba.

Ukiona mkojo una povu lisiloisha, una rangi ya chai ya rangi, au viatu vimeanza kubana, usingoje tarehe ya kliniki.